Wiski ya Miaka Mitano

Kizibo kilitoka gizani kwa mlio mdogo, kama mdomo wa mtoto unapoachia ziwa. Umeme ulikuwa umekatika saa moja na nusu jioni, na muuza vinywaji, ambaye tayari alikuwa ameshaishika chupa, hakuona sababu ya kungoja. Alimimina kwa kusikiliza. Umeme uliporudi, bilauri mbili zilikuwa zimejaa sawasawa, na mezani, kati ya baba mwenye nyumba na mkewe, alikuwa ameketi binti yao bibi harusi akiwa na miaka kumi na mmoja, anafanya hesabu za shule huku akitafuna kalamu.

"Hiyo ni ya miaka kumi na miwili," alisema muuza vinywaji. "Ni tulivu."

Bibi harusi mwenyewe, ambaye sasa alikuwa na miaka ishirini na mitatu, alitoka jikoni na kitambaa mkononi. Akachungulia daftari, akamwambia yule mdogo kwamba jibu la nne amekosea, kisha akarudi kufuta sahani.

Ndivyo ilivyo wiski nzuri. Ukiifungulia ndani, humleta mtu wa chumba hicho hicho, wa mwaka ule ilipotiwa kwenye pipa. Haileti wote. Humleta yule ambaye chumba hakijamsahau, naye hukaa mpaka bilauri ya mwisho ikauke. Kwa sababu hiyo watu makini huonja kwanza kabla ya kununua ya harusi, na wengi hupenda kukodi ukumbi, ambako hutokea maharusi wa watu wengine tu, wakakata keki yao pembeni bila kumsumbua mtu. Lakini baba wa bwana harusi alikuwa na sikio bovu. Alikuwa ametuma salamu kwamba spika za ukumbini zingemmaliza. Vijana waende wakacheze. Yeye angekaa sebuleni kwa wakwe zake, amiminiwe kitu cha maana, skochi ikiwezekana, wiski ya Uskoti, na apewe sigaa, zile sigara za majani matupu ya tumbaku.

Baba mwenye nyumba alikuwa mkaguzi wa mizani. Kwa miaka ishirini na sita alizunguka madukani na mawe yake ya kupimia, na hakuna muuza sukari aliyewahi kumchezea. Aliandika kwenye kijitabu chake: kumi na miwili, inafaa, ila ni nyepesi kwa mkwe.

Chupa ya pili ilikuwa skochi ya miaka kumi na minane. Ilimleta marehemu mama yake, aliyeketi kwenye kochi na kuuliza kama viatu vyake vimeonekana. Waliambizana habari za nyumbani. Bibi kizee aliomba kuonyeshwa picha ya bwana harusi, akaitazama, akasema kijana ana paji la uso la mtu anayelala mchana. Baba mwenye nyumba alimpenda sana mama yake, lakini aliifunga chupa. Mbele ya wakwe, asingenyamaza.

Ya tatu ilikuwa ya miaka saba.

Mlangoni alisimama kifungua mimba wao, binti wa miaka kumi na tisa, mfuko wa nguo begani, tumbo la miezi minane mbele yake. Alikuwa anangoja aambiwe neno, la kukaa au la kuondoka. Jioni ile, miaka saba nyuma, baba yake hakutamka lolote kati ya hayo mawili. Aliutazama tu ule mfuko mpaka ukaondoka.

Binti alijifungulia kwa shangazi yake. Mtoto alipofikisha siku arobaini, bibi yake, mke wa mwenye nyumba, alikwenda kumchukua, akamleta nyumbani amemfunika uso, na mtaa mzima ukaambiwa kwamba mzee amejaliwa kitinda mimba. Majirani walijua kuhesabu, lakini wana adabu. Hivyo mtoto akaitwa Kitinda, na wazazi, ambao zamani waliitwa kwa jina la binti yao mkubwa, wakawa Baba Kitinda na Mama Kitinda. Mama wa kweli alihamia mji mwingine, akapata kazi ya kupiga pasi mashuka ya hoteli. Alipiga simu kila Jumapili, na Mama Kitinda aliipokelea nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya nguo. Alishaulizia tarehe ya harusi mara tatu. Alishashona gauni.

Baba Kitinda alikunywa yake kwa mkupuo ili amalize. Mkewe hakuigusa yake.

"Mwite, Baba Kitinda," alisema. "Aje kwa miguu yake, asiletwe na pombe."

"Wakwe wataniuliza huyu nani."

"Utawaambia mwanao."

"Na Kitinda nitamwambia nini?"

Kitinda alikuwa kwa jirani anasukwa nywele za harusi, na kicheko chake kilisikika kupitia dirishani. Mama Kitinda aliichukua bilauri yake, akanywa kidogo, akabakiza wiski ya kina cha ukucha, akaiweka juu ya kabati mahali ambapo mtu hawezi kuipiga kumbo. Binti aliendelea kusimama.

Baba Kitinda alifungua kijitabu. Alitaka skochi ya miaka mitano. Miaka mitano nyuma, sebule hii haikuwa na jambo ila Kitinda kujifunza kutembea, na huyo mtu yeyote angefurahi kumwona akianguka kwenye mkeka. Muuza vinywaji alisema anayo katoni moja, ila haina ya kuonja. Hizi zilizoonjwa zimetoka kiwandani mwezi huu, na ile katoni, kwa kweli, dukani kwake ime—

Baba Kitinda alimwinulia mkono. Alitoa mitano kwenye mwaka uliokuwepo, mbele yao wote, mara mbili, na mara zote mbili alipata jibu lile lile. Alisema hajawahi kushindwa na namba.

Zikabaki sigaa. Muuza vinywaji alipanga tatu juu ya meza. Moshi wa sigaa haumwondoi mtu aliyeletwa na wiski, ila humficha. Nyembamba humficha kwa muda wa kusalimiana. Ya kati, kwa hotuba moja fupi. Nene huficha mpaka watu wanapomaliza kula na kunawa mikono. Baba Kitinda hakuwahi kuvuta kitu maishani mwake. Alichukua boksi zima la zile nene.

"Za heshima tu," alisema.

Siku ya harusi, bilauri ya kabatini ikiwa imeshakauka, saa tisa alasiri, baba wa bwana harusi aliwekwa kwenye kochi lililo karibu na feni. Baba Kitinda alifungua skochi ya miaka mitano kwa mkono wake mwenyewe, akamimina, na kifungua mimba akasimama mlangoni na mfuko wake.

Ilikuwa imekaa miaka mitano kwenye pipa na miwili kwenye rafu ya duka. Ndani ya chupa wiski haizeeki, lakini nje miaka huendelea kupita. Baba Kitinda alikuwa amefanya kosa ambalo aliwatoza watu faini kwa ajili yake: alipima sukari, akasahau mfuko.

Aligawa sigaa. Wanaume wakawasha. Moshi ulipanda, ukatulia kuanzia usawa wa kifua mpaka dari, na mazungumzo yakaendelea humo humo kati ya watu wasioonana.

"Nani huyo kasimama pale?" aliuliza baba wa bwana harusi.

"Ni mlango tu, mkwe."

"Eh?"

"Mlango."

Baba wa bwana harusi alisema ni mlango mzuri, mbao kama zile siku hizi hazipatikani, akainua bilauri yake. Wenzake wakakubali. Baba Kitinda akamimina tena, kwa kuwa mgeni hakuonyesha dalili ya kuacha.

Mama Kitinda alikuja na sinia. Alipofika mlangoni alilishika kwa mkono mmoja, na mkono mwingine akauingiza kwenye moshi, ukabaki humo. Katika mji mwingine, saa hiyo hiyo, kifungua mimba mwenyewe, mwenye miaka ishirini na sita, alikuwa anakunja shuka la sitini. Hakuna aliyekuwa amempigia. Gauni lilikuwa nyuma ya mlango wa chumba chake, kwenye hanga.

Kitinda aliingia anakimbia, na kigauni cheupe na kikapu cha maua. Kwa kimo chake, moshi ulianzia juu ya nywele. Alipita chini yake kama anayepita chini ya meza, akafika mlangoni, akasimama. Aliutazama mfuko. Aliinua uso akalitazama tumbo, na lile tumbo lilicheza kidogo upande wa kushoto. Kisha aliinama, akatazama chini kwa makini, akamvuta sketi mwanamke ambaye siku zote alimwita mama.

"Mama, huyu dada miguu imemvimba."