Risasi Tano za Arlys

"Hajazaliwa ofisa wa mpaka wa kumbabaisha Orrin Maddox," alisema Orrin Maddox, ambaye alikuwa na tabia ya kujitaja kwa jina lake lote kila alipotaka watu waache kutafuna wamsikilize.

Alikuwa akiwaaga wenzake mgahawani, hapo Delta Junction, Alaska, alikoishi tangu nywele zake zikiwa nyeusi na, kwa maelezo yake mwenyewe, nyingi. Alikuwa anahamia Montana kwa binti yake Janine. Sasa, ukitoka Alaska kwenda Montana kwa gari, huna budi kuikata Kanada, na Kanada haina mchezo na silaha. Bunduki ya kuwindia hupita ukiiandikisha mpakani. Bastola haipiti hata upige magoti. Mwenye kuhama huipeleka kwa muuza silaha mwenye leseni, naye huituma kwa mwenzake wa upande wa pili, mwenyewe akaikute huko. Hilo Alaska analijua hata mtoto wa kunyonya.

"Kuna watu wanajaza ile karatasi ya kuandikisha bunduki nyumbani na sahihi wanatia huko huko," Orrin aliendelea. "Wajinga! Sahihi hutiwa mbele ya ofisa, akikuangalia. Mimi nikifika pale nitawafundisha kazi wale vijana."

Majivuno yangekuwa kuni, mgahawa ule usingenunua mafuta ya kupashia moto mwaka mzima.

Lakini tusimwonee. Kazi aliijua. Wahamishaji mizigo walipokuja walibeba makochi, vitanda, mpaka ile saa ya ukutani isiyotembea, ila walipofika kwenye kabati la bunduki waliweka mikono nyuma. "Mzee, hizo hatubebi. Na risasi ndiyo kabisa, hata moja." Orrin akafurahi kama aliyepewa cheo. Akazitoa bunduki zake komeo, kile chuma cha kusukumia risasi ndani, akazilaza kwenye masanduku yenye kufuli, risasi akazitia kwenye makasha ya chuma na kuziweka mbali na bunduki, mwisho wa trela. Ukilifungua trela lile ungedhani limepangwa na mtu anayetegemea kukaguliwa na malaika.

Tatizo lilikuwa bastola ya marehemu mkewe.

Arlys alikuwa haendi kuchuma matunda ya porini bila bastola kifuani, kwa sababu dubu nao wanayapenda. Kila msimu ulipofika alikaa mezani jikoni, akaipakia mwenyewe huku akiimba kwa puani: risasi tano, tundu la sita aliliacha tupu, kama mama yake alivyomfundisha. Akirudi, anaifungua na kuzitoa. Vuli iliyopita alirudi amechoka. Akaitundika kwenye msumari wake karibu na mlango, akasema ataitoa risasi kesho. Kesho akawa na homa, kesho kutwa akasahau, na majira ya baridi yalipofika moyo wake ukasimama akiwa anamenya viazi.

Basi ile bastola ikabaki vilevile, na risasi zake tumboni. Orrin, ambaye aliwahi kumfukuza mkwewe mtarajiwa, Curt, mezani kwa kuingia na bunduki yenye risasi, aliupita msumari ule majira yote ya baridi asiiguse. Alipoanza kufunga mizigo aliipeleka kwa muuza silaha, akafika mlangoni, akageuza gari. Akaenda tena. Akageuza tena. Maana alijua yule bwana atafanya nini kabla ya kusema hata habari za asubuhi: ataifungua, ataielekeza mtutu juu na kuzimwaga. Na vidole vya mwisho kuzigusa risasi zile vilikuwa vya Arlys.

Mgahawani, na kwa Janine kwenye simu, akasema ameshaituma. Nyumbani akaifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuilaza chini kabisa ya kasha la barafu, chini ya nyama ya mawindo na vifuko vya matunda mekundu aliyoyachuma Arlys siku ile ya mwisho. Mtu aliyewafundisha wenzake sheria miaka yote akawa mvunja sheria mzima mzima, na mbaya zaidi, mvunja sheria mwenye kuchekesha.

Twila, mdogo wake Arlys, alikuja kwa ndege kutoka Montana ili wasafiri pamoja. Janine hakuyaamini macho ya baba yake barabarani.

"Shemeji," Twila alisema walipokuwa wameshika njia, trela likiyumba nyuma yao, "unaendesha kama unasindikiza maiti."

Neno lilimtoka kabla hajaliangalia. Wote wawili wakatazama mbele, kwenye misonobari myembamba iliyoinama huku na huku kama walevi.

"Angekuwepo dada yako," Orrin akasema baadaye, "angekushusha hapa utembee."

"Angekuwepo dada yangu angekuwa anaendesha yeye, na wewe uko nyuma umekalia kasha la barafu."

Orrin akakohoa. Hakupenda mazungumzo yalivyokuwa yanalisogelea lile kasha.

Walipofika Tok, mji mdogo wa Alaska kabla ya mpaka, wakasimama penye meza za wasafiri. Orrin akaenda kujisaidia. Aliporudi alimkuta Twila ametandaza mkate na siagi, amefunua kasha la barafu, na kwenye meza, katikati ya nyama na vifuko vya matunda, bastola imelala ndani ya nailoni yake kama samaki.

"Nilitaka matunda kidogo nipake kwenye mkate," Twila alisema. "Nimevua hiki."

"Twila."

"Usiniite Twila, niite wakili, maana ndiye utakayemhitaji. Shemeji, una wazimu? Ulimwambia Janine umeituma!"

"Nilikuwa naenda kuituma."

"Kwa njia gani, kwa kuigandisha?" Akauinua mfuko kwenye mwanga, akachungulia. Sauti ikashuka. "Orrin. Hii ina risasi."

"Najua."

"Wewe? Wewe uliyempigia Curt kelele mpaka akataka kuvunja uchumba? Unasafiri na bastola yenye risasi, kwenda Kanada, imefichwa kwenye nyama?"

Orrin akakaa kwenye benchi. Alijaribu kutafuta mzaha wa kuanzia, akakosa, na kwa mtu kama yeye hiyo ni sawa na kukosa pumzi.

"Aliipakia yeye," alisema. "Siku ile ya matunda. Nikiifungua, basi."

Twila aliiweka bastola mezani taratibu, mtutu wake ukielekea msituni, na akakaa upande wa pili wa meza. Alikuwa na mikono ya dada yake, mifupi, vidole vyenye kucha pana, na Orrin akajikuta anaiangalia, kisha akaangalia pembeni.

"Pale mpakani wakiiona," Twila akasema, "wataifungua wao. Watazimwaga kwenye sahani ya plastiki. Halafu wataichukua bastola yenyewe waende kuiyeyusha, na wewe wakulaze ndani, na mimi niendeshe hilo trela lako peke yangu mpaka Montana nikamwambie Janine kwamba baba yake yuko korokoroni kwa ajili ya risasi. Ndivyo unavyotaka?"

"Huenda wasiione."

"Mimi nimeiona kwa kutafuta matunda."

Orrin akaanza kurudisha nyama kwenye kasha, bastola akaiacha mezani.

Tok ilikuwa na muuza silaha mmoja, bwana mpole aliyefanyia kazi kwenye banda nyuma ya nyumba yake. Alikubali kuituma bastola kwa mwenzake aliye karibu na kwa Janine. Alipotaka kuifungua, Orrin alimzuia kwa kiganja.

"Nitaitoa mwenyewe."

Lakini kidole gumba hakikusogea. Alisimama nayo pale, mzee mrefu mwenye kofia mkononi, akiitazama kama mtu anayesoma barua. Yule bwana wa banda, ambaye bila shaka amewaona wengi, akageuka na kuanza kupanga bisibisi zilizokuwa zimeshapangika. Mwishowe Orrin akalifungua tumbo la bastola, akauinua mtutu wake juu, na risasi zikamdondokea kiganjani moja moja, zikiwa bado na baridi ya kasha. Akafumba mkono.

"Hizo ziache hapa," Twila alimnong'oneza. "Huna bunduki ya kulingana nazo. Ukikutwa nazo watauliza bastola iko wapi."

"Mimi ndiye ninayejua sheria, shemeji. Nenda ukawashe gari."

Twila akaenda kuwasha gari. Orrin alipoingia alimwonyesha mikono mitupu, kama mtoto aliyeambiwa ateme peremende. Mfuko wa shati lake, ule wa kuwekea miwani, haukuulizwa.

Mpakani, ofisa wa forodha wa Kanada alikuwa kijana mwenye ndevu changa, mstaarabu, ambaye aliwaita mzee na mama bila kuulazimisha ulimi. Akauliza habari za silaha. Orrin akazitaja bunduki zake za kuwindia kwa ufasaha, akayataja makasha ya risasi, akaongeza na maelezo ya komeo ambayo hakuna aliyeyaomba.

"Bastola?"

"Sina," akajibu Orrin, na safari hii ilikuwa kweli tupu.

"Risasi nyingine yoyote, popote, mbali na hizo ulizotaja?"

"Hata moja."

Wakaitwa ndani kwa ajili ya karatasi. Orrin akaenda kifua mbele, kwa sababu zamu yake ya kufundisha ilikuwa imewadia. "Sahihi sijatia," alimwambia kijana, akiitandaza karatasi kaunta. "Wengi hutia nyumbani. Mimi hutia mbele ya ofisa."

"Vizuri sana, mzee. Tia hapa."

Orrin akainama aone mstari, asiuone, akapeleka mkono mfukoni kuchomoa miwani. Miwani ikatoka na wenzake. Risasi ya kwanza ikagonga kaunta, ikabingirika mpaka kwenye karatasi, ikasimama kando ya jina lake lote. Nyingine zikaanguka sakafuni, na moja ikaenda mbali, kwa madaha, mpaka kwenye kiatu cha ofisa.

Twila, aliyekuwa amesimama mlangoni, alifumba macho.

Kilichofuata kila mtu angekitabiri. Risasi za bastola, na mzee anayesema hana bastola: kwa ofisa hiyo ni hesabu isiyolingana. Trela likafunguliwa, na mpango ule wa malaika ukatolewa nje kipande kwa kipande. Makoti ya Arlys yakawekwa kwenye lami. Sufuria zake, viatu vyake vya theluji, boksi la nyuzi za kufumia, mto wake. Wakatafuta bastola kila mahali na hawakuipata. Twila akatoa stakabadhi ya Tok, wakapiga simu, wakaridhika. Bunduki zikaruhusiwa. Orrin akapewa onyo, na maneno ya yule kijana yalikuwa makali ingawa sauti haikuwa hivyo. Risasi zilichukuliwa. Ofisa alizitia kwenye mfuko wa karatasi, akaukunja mdomo wake mara mbili.

Wakapakia trela upya wakiwa wawili. Orrin alibeba mto mwenyewe, akauweka mbele, kati yake na Twila, naye Twila akajisogeza kuupa nafasi.

Yaliyosemwa kaunta baada ya mfuko ule kukunjwa, Orrin ameyasimulia Montana mara nyingi, na kila mara yananoga zaidi. Ameyasimulia dukani, ameyasimulia kwa kinyozi. Jumapili moja akayasimulia mezani kwa Janine, mbele ya mkwewe Curt na kaka zake Curt, baada ya kuku na viazi vya kuponda. Bastola ilikuwa imeshafika. Curt alikwenda kuichukua, na ililetwa mezani watu waione, ikiwa tupu na safi. Mtu fulani njiani aliisugua kwa mafuta, ikawa inang'aa kama ya dukani. Orrin hakuishika sana.

"Basi yule mtoto ananitazama," alisema, "amekamata risasi tano, anadhani amekamata jambazi. Nikamwambia, 'Kijana, chukua. Chukua zote! Kwetu tunazinunua kwa kilo kama misumari. Zikutoshe wewe na watoto wako.' Akabaki mdomo wazi! Hana la kusema. Nikampa mgongo, nikavaa kofia yangu, nikatoka."

Kaka zake Curt wakacheka wakapiga meza. Curt, ambaye tangu uchumba hakuwahi kupata nafasi ya kulipiza, akatabasamu tu kwa adabu.

"Hazikukuuma, baba?" Janine akauliza. "Za mama?"

"Chuma hicho, mwanangu. Chuma na baruti. Mtu analilia chuma?" Orrin akanyoosha mkono kuchukua mkate. "Nilimwambia Twila garini, nikamwambia, afadhali, mzigo umepungua. Si ndiyo, shemeji?"

Akamgeukia Twila upande wa pili wa meza, akicheka bado. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukisimulia kisa hiki Twila akiwepo.

Twila alikuwa ameacha kula. Alikuwa na shavu moja kwenye kiganja, na alimtazama kwa huruma ambayo Orrin angeilipia chochote isiwepo.

"Nilikuwa mlangoni, Orrin," alisema, wala hakupandisha sauti. "Ulimwomba akuachie moja. Alipokataa, ukamwomba uzishike tena kidogo. Akakufungulia mfuko. Sote tulisimama pale tukakungoja."