Mtu wa Likizo Haulizi Bei ya Samaki

Wewe unayesoma, ulikuwepo kwenye foleni ya benki Meneja Sukumaran alipomnyang'anya Biyyathu riba ya mwanawe. Ukajifanya unatazama feni. Mimi sisahau.

Unais, mwana wa Biyyathu, alikuwa amerudi kutoka Sharjah baada ya kampuni yake kufungwa. Mama akakitangazia kijiji kizima kwamba kijana yuko likizo. Uongo ule ulisimama imara mpaka Unais alipokwenda sokoni, akashika dagaa, akauliza, "Hawa bei gani? Punguza kidogo."

Soko zima likageuka kumtazama. Pale kwetu Malappuram, mtu anayefanya kazi Ghuba akiwa likizo hubeba samaki na chenji haulizi. Anayeomba kupunguziwa hana tiketi ya kurudi.

Kesho yake habari zilikuwa zimefika Benki ya Vijijini, na Sukumaran akamwita Biyyathu.

"Mama, kijana kesharudi kabisa. Si mtu wa ughaibuni tena. Amana yake ya watu wa ughaibuni imevunjika kabla ya mwaka kutimia, na kanuni inasema hapo hakuna riba."

"Mwezi mmoja tu umebaki, Meneja! Riba hiyo ndiyo karo ya Mumtas, binti yangu, chuo cha uuguzi."

"Kanuni ni kanuni, mama. Sikuitunga mimi."

Biyyathu akatoka. Moja kwa moja hadi nyumba moja iliyokuwa na harusi, ambako wanawake walikuwa wakisukuma mikate ya mchele. Akakaa, akachukua donge, akapumua kwa huzuni ya kutengeneza.

"Dada zangu, mmesikia? Mwana akikanyaga nyumbani tu, riba inakufa. Meneja kasema."

Ilikuwa miezi ya likizo. Kila nyumba ilikuwa na mwana aliyetoka Ghuba sebuleni.

Asubuhi iliyofuata benki ilifurika akina mama.

"Nipe pesa za mwanangu, nahamia benki ya ng'ambo ya barabara!"

"Na zangu!"

Sukumaran akalowa jasho. "Jamani, wenu wako likizo! Hawahusiki!"

"Wangu jana kauliza bei ya dagaa," akasema Ayishumma, jirani yake Biyyathu. "Tumekwisha!"

"Hata aliyerudi kabisa haidhuru!" Meneja akapaza sauti. "Tunabadilisha aina ya akaunti tu. Amana isipoguswa, riba inaendelea ileile mpaka muda wake utimie!"

"Rudia, Meneja," akasema Biyyathu. "Ayishumma ana sikio zito."

Akarudia.

"Basi badilisha ya Unais." Biyyathu akasogea dirishani, shingo za mtaa mzima zikimgeukia. "Hayuko likizo. Kazi imekwisha. Na riba yake usiiguse."

Kisha Ayishumma akakohoa. "Wangu pia. Tangu Ramadhani."

"Mwanamke wewe! Na ile saa uliyosema kanunua juzi?" Biyyathu akadakia.

"Ya shemeji."

Wakacheka hadi mlinzi akaingia kutazama kulikoni. Sukumaran alikuwa keshainama, anabadilisha akaunti ya Unais, na riba ikabaki mahali pake.

Hakuwa mjinga yule bwana. Kanuni nzima aliijua. Alikuwa akiwapa watu ule upande wake wenye meno tu, na wangapi kabla ya Biyyathu walikwenda zao wameinamisha kichwa? Wamo jirani zako. Acha feni. Inuka sasa hivi, ugonge mlango wao, mwende pamoja kwenye dirisha la benki, na msiondoke mpaka Meneja awasomee na upande wa pili wa kanuni.