Meko ya Gesi ya Mzee Hezroni

Mchana ule kijijini Ngonga, joto likiwa limewalaza hata mbuzi, Gwamaka alikuwa amepiga magoti sebuleni kwa Mzee Hezroni, mnunuzi wa kakao, akitazama meko ya gesi ya kuotea moto. Mzee aliyaona meko ya namna hiyo kwenye hoteli moja ya nchi ya baridi, akayapenda. Kila jioni aliwasha kwanza kiyoyozi mpaka wageni wakaanza kujikunyata, ndipo akawasha moto, usije ukakaa bila kazi.

"Unawaka kidogo, unazimika," alisema kutoka kwenye kochi. "Na wewe ndiye fundi gesi wa Kyela nzima."

"Mimi nimezoea majiko ya kupikia, mzee. Hili halipiki hata ndizi."

"Hili ni la kukaa mbele yake."

Gwamaka akafunga gesi kwenye mtungi nje, akangoja vitu vipoe, akatoa kioo. Magogo yalikuwa ya udongo wa kuchoma, yamechorwa maganda na vifundo, mchwa mwenyewe angeingia mkenge. Aliyatoa moja moja akikariri kila moja lilivyolala, maana likikaa upande, moto hulilamba na masizi hujaa kioo. Akayapangusa kwa burashi laini. Akapuliza vitundu vya bomba la chini, ambamo buibui hupenda kujenga. Akapaka maji ya sabuni kwenye maungio. Hakikutoka kipovu hata kimoja. Akasugua kijiti cha shaba kinachoota joto la kile kimoto kidogo cha kuwashia. Kijiti kikipata moto, koki hubaki wazi. Kikipoa, koki hujifunga yenyewe, nyumba isijae gesi.

Hakukuwa na kibovu. Gwamaka akakuna kichwa, akarudisha magogo, akafungua gesi, akashikilia kitufe. Kimoto kikasimama.

Mkono ukatoka kati ya mawe ya meko, ukakibana kimoto kwa vidole viwili kama utambi wa kibatari, kikazimika.

"Unaona?" alisema Mzee Hezroni. "Hivyo hivyo kila siku."

Mwenye mkono akapanda juu, akajikung'uta udongo, akaketi ukingoni. Alikuwa Amon, marehemu mume wa Mama Kisa, jirani wa pale pale.

"Ugonile, tata," Gwamaka alimwamkia, kama anavyoulizwa mkubwa yeyote iwapo amelala salama.

"Nitalalaje? Mmenikokea moto kifuani."

Amon alizikwa nyumbani kwake kwenye migomba, kama watu wa huko wanavyozikana, na mawe yakapangwa juu. Mzee Hezroni alipojenga nyumba na uzio, mpaka ulisogea, ukaimeza migomba. Mwashi wake akayaona mawe, akayasifu, akayajengea meko pale pale yalipokuwa. Mzee mwenyewe ni wa huko huko na anajua mawe ya kwenye migomba ni ya nini; siku ile alikuwa anatazama pengine. Mama Kisa alidai kaburi la mumewe mpaka sauti ikamkauka. Wazee wa kuamua mipaka wakamwambia alete shahidi aliyeliona, na mle ndani yeye haruhusiwi kukanyaga.

Gwamaka akajitolea. Na kwa kuwa mashahidi wawili ni bora kuliko mmoja, akampakia Amon nyuma ya bodaboda.

Wazee wakamsikiliza marehemu kwa adabu, wakampa kiti.

"Unasema umezikwa kwa Hezroni?" mwenyekiti akauliza.

"Ndiko nilikozikwa."

"Sasa mbona uko hapa?"

Amon akamtazama Gwamaka. Gwamaka akatazama kofia yake. Wazee wakanong'onezana, kisha wakaamua kwamba kaburi lisilo na mtu ni shimo, na shimo ni mali ya mwenye kiwanja. Ila marehemu, kwa kuwa hana pengine pa kulala, awe mgeni wa Hezroni.

"Na mimi?" Mama Kisa akauliza.

"Wewe una nyumba yako, mama."

Njiani Mama Kisa alimwambia Gwamaka bila hasira, "Ungemwacha amelala, mwanangu, ukaja peke yako."

Siku hizi moto hauzimiki. Amon hukaa kwenye kochi, mgeni asiyeaga, na wanunuzi wa kakao wamezoea kumsogezea stuli ya miguu. Gwamaka akitoka kusafisha meko, humkuta Mama Kisa amesimama nje ya uzio, jembe begani.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta, mama. Kiyoyozi kinamuumiza viungo. Anauliza kama mpunga umeshapaliliwa."

Mama Kisa akahamishia jembe bega la pili.

"Mwambie nimepalilia upande uliobaki nje ya uzio."

Gwamaka akavua viatu mlangoni, akarudi ndani kumwambia, kwa kuwa fundi ndiye aliyeruhusiwa kuingia.