Jina Alilotaja Boke

Mama wenzangu wa Buswahili, mkiona binti amekesha na uchungu na mtoto hatoki, itisheni pikipiki. Msimuulize habari za wanaume. Mimi niliuliza.

Boke wangu aliugulia uchungu siku mbili chumbani kwangu. Wamama tuliomzunguka tukasema mtoto amezuiwa na uzinzi. "Mtaje, mwanangu, mtaje mtoto atoke!" Akakataa mpaka sauti ikaisha. Siku ya pili jioni akasema, "Stanislausi." Ni jirani yetu, tunachota naye kisima kimoja. Tukapiga vigelegele. Mtoto hakutoka. Alitolewa hospitali siku ya tatu, ameshakufa, na tangu hapo mkojo wa Boke ukawa unatoka wenyewe.

Mumewe, Fredi, alilisikia lile jina. Hakuja kumchukua.

Miaka miwili Boke alilala jiko la nje. Jua likitoka alikuwaga ameshafua na kuanika vitambaa vyake. Kanisani haendi. Chakula namwekea mlangoni, ila kuongea na mimi, hapana.

Ndipo akaja Consolata wa Bweri, aliyeumwa vilevile akapona. Akasema hiyo ni fistula, kichwa cha mtoto kilibana muda mrefu kikaua nyama ya ndani. Mwanza wanashona, tena bure.

Boke akamuuliza, "Kwa hiyo siyo dhambi?"

"Dhambi gani, mdogo wangu? Ulicheleweshwa tu."

Boke akanigeukia. "Mama, nilimtaja ili mnyamaze."

Siku ya safari nikafunga kanga zangu mbili. Akasema, "Wewe baki. Naenda na dada Consolata."

"Nani atakufulia huko?"

"Hapa alikuwa ananifulia nani? Nenda kwa Stanislausi na kwa Fredi, ukawaambie nilidanganya, na kwa nini."

Nilienda. Stanislausi akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Mama Boke! Miaka miwili mke wangu ananilaza kwenye kochi, leo ndiyo unakuja?" Fredi nilimkuta Musoma sokoni, anapara sato. Hakuacha kupara. "Nimesikia, mama." Akamgeukia mteja.

Wiki ya tatu Boke akapiga simu.

"Umewaambia?"

"Wote wawili."

"Haya."

"Na wewe mwanangu, umekauka?"

Simu ilishakatwa. Nilipiga mara nne, haipokelewi. Kama amepona, anayejua ni Consolata.