Siku Tuliyomtorosha Mzee Spana

Watu hutorosha wasichana. Sisi tulimtorosha mzee wa miaka sabini na kitu, fundi bomba mstaafu, mchana kweupe, amevaa koti lake la kwendea misibani, na bibi harusi ndiye aliyemshika mkono asijikwae kwenye ngazi.

Mtaani wanamwita Spana. Hakuna nyumba pale kwetu ambayo hajawahi kulala chali chini ya sinki lake. Mkewe alifariki zamani, watoto wakahamia mji mkubwa, akabaki na nyumba ya vyumba vitatu na redio isiyoshika stesheni. Bi Cherehani alipanga chumba cha mbele, anashona sare za shule. Ukuta mmoja, jiko moja. Mengine mtajaza wenyewe. Kwanza kikombe chake kilihamia upande wa pili, halafu mto, halafu yeye mwenyewe. Sisi wa saluni ya ng'ambo tulijua kabla wao hawajajua. Saluni ni yangu, na nikishajua jambo mimi, mtaa mzima umejua.

Wakaishi hivyo miaka, bila cheti, bila kelele. Halafu kichwa cha mzee kikaanza kuvuja. Alianza kwa kusahau funguo, akaja kusahau njia ya kutoka sokoni, siku moja tukamkuta ameketi kwa muuza mkaa anasubiri chakula chake cha jioni. Bi Cherehani akaacha kushona mchana ili amwangalie. Alishona mzee akilala, na mzee akawa halali.

Ndipo mwanawe mkubwa, yule tunayemwita Meneja kwa sababu ya kalamu zake za mfukoni, akapiga simu. Mwisho wa mwezi anakuja kumchukua baba akakae kwake, na nyumba itapangishwa.

"Na mimi?" Bi Cherehani akamuuliza.

"Wewe dada tutakupa notisi kama mpangaji mwingine."

Alikuja saluni, hakutaka kusuka, akakaa chini ya drai iliyozimwa.

"Mpangaji anafukuzwa, mwenzangu," akaniambia. "Mke hafukuzwi na mtoto."

Kumbe alishakwenda mpaka mji wa pili, ofisi ya wilaya, maana karani wa kwetu amesoma darasa moja na Meneja. Tangazo la ndoa lilikuwa limebandikwa kule ambako hakuna anayetujua. Ndoa Ijumaa, Meneja anafika Jumamosi. Alichokuwa amebakiza ni mashahidi.

"Mimi na nani?"

"Wewe na mtu yeyote anayejua kunyamaza."

"Basi mimi nimeshatoka kwenye mashindano."

Akacheka, nami nikamtafutia shemeji yangu mwenye teksi. Kunyamaza hajui, lakini ana gari.

Tuliondoka mapema, maana mzee huwa mzima asubuhi. Njia nzima Bi Cherehani alikuwa anamfanyisha mtihani.

"Leo tunakwenda wapi?"

"Kufunga ndoa."

"Nani na nani?"

"Mimi na wewe."

"Mimi ni nani?"

"Fundi wa cherehani. Ulikuja kupanga kwangu na sanduku la bluu, ukanung'unikia choo."

"Na choo chako kilikuwa kibovu kweli!"

"Nikakitengeneza," mzee akasema, anajivuna. Shemeji akapiga honi kwa furaha, asilione tuta, tukagonga vichwa. Nakwambia, tulifika pale ofisini tukiwa watu wa harusi kabisa. Nilikuwa na keki kwenye ndoo, na chumba cha gesti kimeshalipiwa, wapate japo usiku mmoja wa fungate.

Ofisini mtandao ulikuwa umekatika. Kaeni, tukaambiwa. Tukakaa. Benchi lile lilikuwa na watu wa vyeti vya kuzaliwa, watu wa mirathi, na pea moja ya vijana waliokuwa wanagombana kimyakimya. Jua likapanda. Mzee akaanza kusugua magoti. Akauliza tunasubiri daktari gani. Bi Cherehani akamkumbusha, akakubali, baada ya muda akauliza tena.

Kwenye kona ya korido kulikuwa na sinki, na bomba lake linadondosha. Mimi sikulisikia mpaka nilipomwona mzee analisikiliza. Akainuka. Bi Cherehani alikuwa dirishani anamuuliza karani zamu yetu. Mimi, nani aniseme, nilikuwa nasikiliza ule ugomvi wa vijana. Tulipogeuka mzee amelifungua bomba kichwa, amekishika mkononi, na maji yanaruka mpaka darini.

"Fundi, lifunge!" watu wakapiga kelele.

Akakitazama kile kichwa cha bomba. Akakigeuza upande huu, akakigeuza upande ule. Mikono ile iliyofunga mabomba ya mtaa mzima haikujua pa kukiweka. Askari wa mlangoni ndiye aliyekimbia nje kufunga koki kubwa. Mzee akabaki amesimama kwenye dimbwi, koti linachuruzika, anatetemeka, na hapo hapo mtandao ukarudi, tukaitwa.

Msajili alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Akasoma majina yao, yale ya shuleni ambayo hakuna anayewaita. Akamwomba radhi mzee kwa kuloweshwa. Kisha akamuuliza kwa upole, "Mzee wangu, unajua umekuja hapa kufanya nini?"

Mzee akashika ukosi wa shati, akaukamua, na uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Mvua," akasema. "Siku ile nayo ilitunyea hivi hivi. Tulitoka tumelowa chapachapa, baba mkwe akacheka mpaka akakaa chini kwenye tope na suti yake."

"Siku ipi hiyo?"

"Ya harusi yetu. Mimi na huyu." Akauchukua mkono wa Bi Cherehani, akauweka juu ya meza kama kielelezo.

Msajili akavua miwani. "Mlishafunga ndoa?"

"Hapana," Bi Cherehani akasema kwa sauti ya chini. "Anamzungumzia mama watoto. Hayupo siku nyingi."

 Msajili akasogeza kiti. "Nitamuuliza mara moja tu. Mzee, unataka kumwoa mama huyu aliyeketi hapa?"

"Nimwoe mara ngapi?" mzee akacheka. "Nimezaa naye wanne, binti. Mnataka nilipe mahari upya?"

Nikainamia sikio lake la pili. "Mzee, sema nataka. Sema tu, twende tukale."

Akaniangalia. Ni mtu wa kupenda kuridhisha watu, siku zote alikuwa hivyo. Nikamwona anaifungua midomo, neno liko pale pale.

"Usimfundishe," Bi Cherehani akaniambia.

"Lakini mwenzangu—"

"Nimesema usimfundishe." Akamgeukia msajili. "Funga faili lako, mama. Tumekupotezea muda."

Yule mama hakufurahi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ningepata wa kumtukana ningepona. "Mleteni akiwa ametulia," akasema. "Jumatatu asubuhi, nitawaweka wa kwanza."

Jumatatu tungemleta nani?

Tulikwenda gesti kwa sababu hatukujua pengine pa kwenda. Chumba kilikuwa na shuka nyeupe na taulo lililokunjwa umbo la ndege. Bi Cherehani akamvua mzee nguo mbichi, akazianika dirishani, akamfunika. Mzee akala vipande viwili vya keki.

"Harusi ya nani?" akauliza.

"Ya jirani," Bi Cherehani akamjibu.

"Keki nzuri. Wape hongera."

Alipolala, uvumilivu ukanishinda. "Ungemwacha akasema. Saa hizi ungekuwa mke."

"Mke wa nani? Neno lile alikuwa anampa mkewe." Alikuwa anaokota makombo ya keki kitandani, moja moja. "Nimelala upande wa kitanda wa mtu mwingine miaka yote hii, umewahi kunisikia nalalamika? Nimejibu nikiitwa kwa jina lake. Nimejibu, naam. Lakini pale mezani nilitaka niwe mimi."

"Na kesho?"

"Kesho nitamwomba Meneja."

Hatukungoja kesho. Nguo zilipokauka alitaka arudi, akapakie vya mzee kwa utaratibu, dawa zake zisije zikasahaulika. Shemeji aliendesha bila kufungua mdomo, jambo ambalo hata mkewe hatanisadiki nikimwambia.

Pikapu ilikuwa mlangoni. Meneja alipata gari la kuhamia Ijumaa, akaja Ijumaa. Godoro lilikuwa limeshafungwa kamba.

Natamani niseme alitutukana. Hakututukana. Alimpokea baba yake, akamfuta vumbi la koti, akampandisha mbele. Kisha akamjia Bi Cherehani.

"Dada, asante kwa yote. Kweli kabisa."

"Nichukue na mimi," Bi Cherehani akasema. Pale pale barabarani, majirani wamejaa milangoni. "Nitalala hata jikoni. Usiku anaamka, anatafuta mlango. Hatawajua."

"Nyumba ni ndogo, dada. Na mke wangu..." Akaangalia viatu vyake.

"Basi siku chache, mpaka azoee."

"Dada, tafadhali. Sisi ndio watoto wake."

Mzee alikuwa amesogea kwenye kiti, anapigapiga nafasi iliyo wazi. "Mama watoto, panda. Jua linakuchoma."

Meneja akazunguka, akaketi kwenye usukani, akawasha gari.

"Wewe, simama! Mama yenu hajapanda!" mzee akafoka.

Meneja alikuwa ameendesha tangu alfajiri. Akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, bila ubaya wowote, "Baba, mama alishakufa."

Mzee akageuka dirishani. Akamtazama Bi Cherehani, uso wote, kutoka paji la uso mpaka kidevuni.

"Eti mama yake amekufa," akamwambia. "Ni kweli?"

Sijui mimi ningejibu nini. Mimi ningedanganya, nadhani, kama nilivyotaka kufanya kule ofisini.

"Ni kweli, fundi," Bi Cherehani akasema. "Pole sana."

Mzee akalia. Alilia kama mtu aliyepokea habari dakika ile ile, maana ndivyo ilivyokuwa, mabega yanaruka, mpaka Meneja akainamisha kichwa kwenye usukani. Alipoweza kuvuta pumzi, mzee akatoa mkono nje ya dirisha, akampa Bi Cherehani, kwa heshima, kama anavyopewa kila anayekuja kuhani msiba.

"Asante kwa kuja, mama," akamwambia. "Umetoka mbali?"

"Hapana," akajibu. "Mimi ni wa hapa hapa."

Akaushika ule mkono mpaka gari lilipouondoa.