Wanaokula kwa Miguu

Wewe uliyekaa kitako hapo, hebu tegua hiki: nina wageni uani, wanakula kwa miguu, wanakunywa kwa miguu, na tangu waje hawajaomba maji ya kunawa. Umeshindwa? Usinipe mji, miji ninayo mpaka sina pa kuiweka. Wageni hao ni mboga za bustani, na miguu yao ni mizizi. Na kitendawili hicho hicho kilimponza mwalimu mmoja wa chekechea, maana aliwategea watu wanaoshika kila neno unalowaambia.

Mwalimu huyo aliomba mpaka mkuu wa kituo akachoka, akampa kipande cha ua kando ya jiko. Akajaza udongo kwenye matairi mabovu, akapanda mchicha pamoja na watoto wake wa miaka minne, kila mmoja na kopo lake la kumwagilia. Nia yake ilikuwa moja tu, watoto waliozoea kurudisha mboga jikoni kama zilivyokuja waanze kuzila. Mkuu naye alikuwa na lake. Alitaka pale pasakafiwe, wazazi wapate pa kugeuzia magari.

"Nakupa mpaka mvune," alimwambia. "Sahani zikiendelea kurudi na majani, namwaga zege."

Basi mchicha wa uani haujakomaa, bado mpishi ananunua wa sokoni, sahani zikaanza kurudi nyeupe. Mwalimu akawa anatembea kifua mbele. Kilichomkera ni kitoto kimoja cha kike, walichokipachika jina la Bi Mbona.

"Mwalimu, mbona wewe huli na sisi? Unapenda mchicha?"

"Maliza wako kwanza, mama."

Kesho yake tena, "Mwalimu, unapenda mchicha?"

"Usiongee na chakula mdomoni."

"Mdomoni hamna kitu," akasema Bi Mbona, akaachama aonyeshe.

Mpishi, ambaye alikuwa dada wa mume wa mwalimu, alicheka kule dirishani. "Wifi, mjibu mtoto wa watu."

"Wewe koroga chungu chako."

"Nakoroga. Ila namjua anayemsukumia kaka yangu majani pembeni ya sahani kila siku."

Asubuhi moja mwalimu akakuta sisimizi wamepanga mstari kutoka ukutani mpaka kwenye matairi, na nzi wanafanya mkutano juu yake. Akafukua kwa kidole. Akatoa tonge la mchicha uliopikwa, na kitunguu chake. Tairi la pili, tonge. La tatu, soksi, na ndani ya soksi, mchicha.

Akawaita watoto. "Nani kafanya hivi?"

Mikono yote ikapaa, tena kwa fahari.

"Tumewalisha," akasema mwenye soksi.

"Ulisema wanakula kwa miguu," Bi Mbona akaeleza, kama anayemfafanulia mtu mgumu wa kuelewa. "Sasa watakula nini?"

"Mnalisha mchicha kwa mchicha?"

"Wanapenda. Angalia walivyonenepa."

Mwalimu akakaa juu ya ndoo, akashika kichwa. Angemgombeza nani? Somo lilikuwa lake, na wanafunzi walikuwa wamelishika vizuri kupita kiasi.

Mkuu akafuata harufu, akafika na leso puani. Akatazama soksi, akamtazama mwalimu. "Kumbe ndizo sahani nyeupe hizo. Kesho vuneni. Nitakaa nao mezani mwenyewe, na nikiona jani limebaki, saruji inaingia."

"Mkuu, mtoto hashikwi pua akalishwa mboga kama dawa."

"Ndiyo maana nimekupa wewe kazi hiyo, siyo mimi."

Kesho ikafika. Watoto wakavuna wenyewe, wakaosha, wakalowa mpaka viatu, na wifi akapika kidogo tu, majani yasipoteze rangi. Mkuu akakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yamefika kidevuni. Sahani zikawekwa. Watoto wakakunja mikono kama mahakimu.

"Mchicha unaongeza damu," mwalimu akaanza.

"Damu ninayo," akasema mmoja, akaonyesha goti lililochubuka.

"Unatia nguvu."

"Tutie kesho."

Mwalimu akatazama sahani zilizojaa. Siku zote zile za kubeba udongo, kuchota maji na kubembeleza, halafu zege. Hapo ndipo sauti ile ikaja, "Mwalimu, wewe unapenda mchicha?"

Akatazama dari. Akamtazama wifi, ambaye safari hii hakucheka. Akamtazama mkuu, naye alikuwa anangoja jibu. Mwalimu akachoka kwa kweli, kuchoka kule kunakomwishia mtu visingizio. Akavuta sahani, akachota, akatia kinywani.

Jicho moja likajifumba lenyewe. Pua ikajikunja, mabega yakapanda mpaka masikioni. Lakini akatafuna, akameza.

Mwenye soksi akacheka mpaka akateleza kwenye benchi. "Mwalimu, fanya tena."

"Zamu yenu," akasema mwalimu.

Bi Mbona akachota, akakunja uso kuliko mwalimu. "Nitazameni mimi." Nani hataki kutazamwa? Kila mmoja akala ili akunje wake, na aliyekunja vibaya akachota tena arekebishe. Wengine walisahau kukunja, wakawa wanakula tu.

Mkuu akakagua sahani moja moja. Akachungulia chini ya benchi, akapapasa mifuko ya aproni, akaamuru soksi zivuliwe. Hakupata hata jani. Akainuka akijishika kiuno.

"Haya, pandeni tena," akasema, kama aliyeibiwa. "Magari yatageuzia barabarani."

Mwalimu akashusha pumzi. Ndipo akahisi sketi yake inavutwa.

"Hujanijibu. Unaupenda?" akasema Bi Mbona.

Mwalimu akajifuta mdomo, akachuchumaa mpaka wakatazamana macho kwa macho.

"Bado, mama," akasema. "Hebu kanimegee tena chunguni."