Hema la Mama Blessing

Kabla ya mwaka huu sikuwahi kulala kwenye hema, wala sikuwa na hamu hiyo. Kwetu Ngokolo, Shinyanga mjini, tunalala ndani ya nyumba, mlango una komeo, na mbwa wakibweka unajigeuza upande wa pili unaendelea na usingizi. Leo niulize lolote kuhusu mahema nitakujibu. Nitakwambia hema la tabaka moja hutoka jasho usiku likawadondokea waliolala. Nitakwambia likiandikwa la watu wawili, maana yake ni watu wawili wembamba wasiogombana. Yote hayo nilifundishwa na Lusia, na kuhusu mahema Lusia hakunidanganya hata neno moja. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko mengine.

Lusia alikuwa rafiki yangu na mwenzangu wa kazi. Tulikuwa na kibanda cha chakula kando ya barabara, asubuhi chai na maandazi, mchana wali maharage, mpaka kikabomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Wateja walituita Mama Blessing na Lusia, wakitamka kwa pumzi moja. Mama Blessing ni mimi, kwa binti yangu aliye kidato cha pili. Jina langu hasa ni Asteria, lakini hata mimi nilikuwa nalisahau. Yeye alikuwa Lusia tu, kwa kuwa Mungu hakumjalia mtoto. Sikuwahi kumsikia akilalamika juu ya hilo, nami sikuwahi kumuuliza.

Baada ya kibanda kuvunjwa nilirudi kutembeza maandazi kwenye ndoo, mlango kwa mlango, mwanamke wa umri wangu, nikibisha hodi kwa watu ambao zamani walikuwa wanapanga foleni kwangu. Nilichukia kila asubuhi iliyokucha. Ndipo mjomba wangu Ndaki akapiga simu kutoka kijijini kwake, upande wa Geita.

Dhahabu ilikuwa imeonekana shambani mwake. Wachimbaji walishaanza kumiminika kutoka kila upande, na kumiminika huko wenyewe wanakuita rashi. Mjomba, kama mwenye shamba, alikuwa amenitengea kona moja, pale njia inayotoka mashimoni inapokutana na barabara. Kila mwenye njaa lazima apite hapo. Muuza chakula akikaa kwenye kona hiyo hana haja ya kuita wateja.

Tatizo ni kwamba mjomba alikuwa anapelekwa hospitali ya Kolandoto kufanyiwa upasuaji wa mguu. Kwa hiyo aliacha neno kwa Bartholomeo, mwenyekiti wa rashi: kona ile ni ya mpwa wangu, Mama Blessing, anatoka Shinyanga. Mwenyekiti alikubali kwa sharti lake. Kwenye rashi hakuna anayeshika eneo kwa mdomo. Makazi yangu yawe yamesimama pale kufikia Jumatatu jioni, na kukata miti ya kujengea ni marufuku.

"Njoo na hema," mjomba akaniambia. "La kubebeka mgongoni, maana rashi ikihama mnahama nayo. Na usije peke yako, huko si kwa mwanamke kulala mwenyewe."

Mwenzangu alikuwa nani kama si Lusia? Nilimwambia habari ile kabla sijamwambia hata Blessing. Alinikumbatia akaninyanyua kutoka chini, na mimi si mwepesi.

Tena Lusia ndiye aliyekuwa anajua mambo hayo. Zamani, kabla hatujafahamiana, alipika chakula cha wageni wapanda mlima kule Moshi, akalala kwenye mahema ya kila aina. Tulikwenda pamoja kwa Abdulshakur, anayeuza mitumba ya vitu vya safari, mabegi ya mgongoni, viatu vya kupandia milima na mifuko ya kulalia. Siku hiyo alikuwa amefungua belo jipya. Akatutolea hema la kijani lenye kiraka cha rangi ya machungwa mlangoni, akalisimamisha kwenye uchochoro nyuma ya duka.

Nililipenda palepale. Bei yake ilikuwa inaendana na mfuko wetu, na Abdulshakur alilisimamisha haraka kuliko mimi ninavyowasha jiko la mkaa. Lusia akaingia kwa magoti, akapitisha kidole kwenye mishono yote, akakunja uso. Alinionyesha utepe unaozuia maji kwenye mishono, ulikuwa umeanza kubanduka. Alinishikisha sakafu, nikaona ni nyembamba. Mvua ikinyesha tutaamka tunaelea, alisema. Abdulshakur alitaka kubisha, Lusia akamkazia macho, naye akalikunja hema lake kimyakimya.

Kesho yake tuliangalia mengine. Moja lilikuwa zito, Lusia akanibebesha begi lenye hema hilo nizunguke nalo soko zima, na niliporudi ninahema akaniuliza kama ningefika nalo mashimoni. Jingine lilikuwa la tabaka moja, ndipo nikajifunza habari za jasho. La tatu lilikuwa halisimami bila kufungwa kamba pande zote, naye akasema kule ardhi ni mawe, kigingi hakiingii, tutafute lenye fito za kujisimamia lenyewe. Nilikuwa nasikiliza kama mtoto wa shule. Nilijisifu moyoni kwamba nina rafiki mjuzi.

Kwenye hema la nne alinivuta ndani tulale ubavu kwa ubavu tupime. Tulicheka mpaka Abdulshakur akachungulia. Tulivyolala vile, tukiangalia kitambaa cha juu, Lusia aliniuliza mambo mawili matatu ya kule tuendako. Kona yenyewe iko upande gani wa barabara. Mjomba atakaa hospitali kwa muda gani. Huyo mwenyekiti mnafahamiana?

"Hanijui hata sura," nilimjibu. "Anajua jina tu."

Hema hilo nalo alilikataa, kwamba ukikaa kichwa kinagusa juu.

Ijumaa nilianza kuwa na wasiwasi, maana Jumatatu ilikuwa inakuja na hatuna kitu. Lusia akanituliza. Kahama kuna mtu ana mahema mazuri na bei ni ya watu kama sisi. Angekwenda yeye, alale kwa dada yake, Jumapili arudi nalo, Jumatatu alfajiri tupande basi. Akanisisitiza nisinunue chochote mpaka arudi, kwa sababu mimi ni mgeni wa mambo haya na nitauziwa mbuzi kwenye gunia. Nilimkaangia maandazi ya njiani, nikamfungia kwenye mfuko, akaondoka mchana uleule.

Jumapili alipiga simu. Muuzaji kasafiri, anarudi kesho asubuhi, nivumilie. Jumatatu simu yake haikupatikana. Nilipiga nikapiga, jua likapanda, jua likashuka, na muda wa mwenyekiti ukapita nikiwa nimekaa kwenye kigoda uani na vyombo vyangu vimefungwa kwenye shuka. Nilimpigia dada yake wa Kahama. Akaniambia hajamwona Lusia tangu Pasaka.

Sasa nitawaambia ujinga wangu. Sikuwaza kona. Niliwaza ajali. Nilimwona Lusia amelala mahali pasipojulikana, hana kitambulisho, hakuna wa kumtambua. Usiku ule nilimwombea yeye.

Jumanne nilipiga moyo konde. Labda mwenyekiti ni mtu wa kusikiliza. Nilirudi sokoni peke yangu, na Abdulshakur hakupata nafasi ya kunihadaa, maana nilikuwa na masomo yote kichwani. Nilipitisha kidole kwenye mishono, nikaligeuza la ndani nje, nikalala ndani, nikakaa, nikalibeba. Nilichukua lenye matabaka mawili na kibaraza cha kuwekea viatu, jepesi, la fito, na lenye milango miwili ili mmoja akitoka usiku asimkanyage mwenzake. Nililinunua nikimfikiria mwenzangu. Nikaacha ujumbe kwa jirani: Lusia akitokea, mwambie nimetangulia, hema lipo.

Nilifika Jumatano mchana, nikashuka kwenye bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Rashi ilikuwa imechangamka. Watu wamejaa udongo mwilini, karasha zinasaga mawe kwa kelele, na kwenye kona, pale njia inapokutana na barabara, moshi wa jiko unapanda. Kando ya jiko lilikuwa limesimama hema la kijani lenye kiraka cha rangi ya machungwa mlangoni.

Mnajua nilifanya nini? Nilifurahi. Kwa Mungu, nilifurahi. Lusia yuko hai, nikasema. Kawahi kunishikia eneo, simu ikaisha chaji, na mimi mjinga nimemfanya marehemu. Nikaenda mbio na begi langu mgongoni. Alikuwa ameinama anachota wali, kilemba kipya kichwani.

Mchimbaji mmoja aliyekaa kwenye benchi akainua kikombe. "Mama Blessing, niongezee chai."

"Haya, baba," niliitika, ndivyo nilivyozoea.

Hakunitazama. Alikuwa amemnyooshea kikombe Lusia, na Lusia akaja na birika akammiminia. Aliponyanyua macho ndipo akaniona. Chai ikamwagika kidogo mezani, akaifuta, akamaliza kumhudumia yule mtu kwanza.

Tulikwenda nyuma ya hema. Nilikuwa bado natafuta maelezo yatakayonifanya nicheke, na nilimpa nafasi ya kunipa hayo. Hakunipa. Alisema amefika tangu Ijumaa jioni. Hema alilinunua siku ileile tuliyolikataa, alirudi baadaye peke yake.

"Ulisema linavuja," nilimwambia.

"Linavuja kweli. Nimetandika nailoni." Akapapasa mshono wa hema. "Hakuna hema lisilo na kasoro, Asteria. Ungenunua la kwanza tu, ungekuwa umekaa hapa."

Alikuwa hajawahi kuniita Asteria. Nilimuuliza kwa nini hakuniomba sehemu yake waziwazi, kwani nilipanga tuje wawili, tugawane, tulale pamoja. Hasira ilikuwa imeshanipanda na sauti yangu ilikuwa inasikika mpaka kwenye mabenchi. Nilimwita mwizi. Nilimwambia angekuja hata kwa jina lake mwenyewe nisingeumia hivi, lakini amekuja kwa jina la mwanangu, mtoto aliyemsuka nywele kwa mikono yake.

"Nimekata vitunguu kwenye kibanda kile miaka yote," alisema. "Chakula kikisifiwa, anasifiwa Mama Blessing. Hapa pia ningekata vitunguu. Mwenyekiti aliponiuliza kama ndiye mimi, nilijibu ndiyo, na baada ya hapo kila mtu ananiita mama. Unajua tangu nizaliwe sijawahi kuitwa mama na mtu yeyote?"

Nilitaka kumhurumia. Nilikuwa nimeshaanza, nikashtuka kwamba katika maneno yote yale hamna neno samahani. Alikuwa anaangalia jiko lake, asije akaunguza.

Mwenyekiti Bartholomeo alikuja aliposikia kelele, mzee mfupi mwenye kofia ya pama. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza kila kitu, nikamwonyesha picha ya Blessing kwenye simu. Nilijaribu kumpigia mjomba lakini simu yake ilikuwa imezimwa, bado alikuwa hospitali. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, hilo siwezi kumlaumu. Akamtazama Lusia, Lusia akatazama chini.

"Mayu," aliniambia, yaani mama kwa Kisukuma, "mimi siwezi kujua nani kamzaa Blessing. Ninachojua, Jumatatu jioni hema lilikuwa limesimama hapa, na Ndaki mwenyewe alikubali Jumatatu. Nikilivunja hili leo, kesho kila mtu ataniletea mtoto wake kwenye simu."

Akasema ataniangalizia sehemu, asingemfukuza anayesema ni mpwa wa Ndaki. Tulikwenda nyuma kabisa, ng'ambo ya karasha, ambako vumbi la mawe linatua juu ya kila kitu na hakuna anayepita ila anayetafuta pa kujisaidia. Nilitua begi. Mwenyekiti akatoa daftari la maeneo na kalamu yake, akaniuliza aniandike nani.

"Mama Blessing," nikasema.

Kalamu ilisimama hewani. Alijikuna chini ya kofia, na naamini alitaka kunitendea wema.

"Huyo ninaye tayari," alisema. "Nikuandike Mama Blessing wa pili?"

Nilimwambia aandike Asteria. Hakusikia kwa sababu ya karasha, ikabidi nilitaje mara ya pili kwa sauti kubwa, jina ambalo hakuna mtu pale angelitumia kuniita. Kule kwenye kona mtu alikuwa anaomba wali, anamwita Mama Blessing, mara moja, mara mbili, na mimi niliyemzaa Blessing nikabana meno nisiitike.